Goma: Kurudi kwenye motokari ndogo si kuanguka

Mjini Goma kuna neno ambalo mtu anarushiwa siku anapouza jeep yake na kuonekana nyuma ya usukani wa Starlet au Vitz. Neno hilo ni “ameanguka”. Linasemwa kwa sauti ya chini kwenye mlango wa kanisa, kwenye arusi, kwenye kilio, hata na watu ambao wenyewe wanatembea kwa miguu. Yule aliyeuza anajua kwamba linasemwa, na wengi wanaendelea kulisha motokari isiyo ya uwezo wao kwa kuliogopa neno hilo tu.

Sisi tunaona kwamba neno hilo linaharibu nyumba nyingi katika mji huu. Baba anayeuza jeep ya moteri kubwa ili anunue motokari ndogo inayowaka kila asubuhi, halafu analipa masomo ya watoto kwa wakati, hajaanguka. Amefanya hesabu. Na hesabu hiyo ingefanywa mapema zaidi kama tusingekuwa tumezoea kupima heshima ya mtu kwa urefu wa magurudumu yake.

Tukumbuke kwanza jeep ilitoka wapi. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka na kuingia Goma katika siku chache. Mashirika ya misaada yalikuja nyuma yao na motokari zao nyeupe. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ukaunda MONUC, ambayo mwaka 2010 ilibadilishwa jina na kuwa MONUSCO. Kwa miaka thelathini mtoto wa Goma amekua akiona jambo lilelile: mwenye kazi nzuri, mwenye mshahara wa dola, anashuka kutoka kwenye Land Cruiser. Basi alipopata kazi, au alipofanikiwa katika biashara, alijua ni nini anapaswa kununua.

Kuna kitu ambacho mtoto huyo hakukiona barabarani. Nyuma ya ile Land Cruiser nyeupe kulikuwa garaji ya shirika, fundi mwenye mshahara, depo ya pyesi, mazutu ya shirika, na bajeti iliyosainiwa mbali sana na hapa. Shoferi hakununua mafuta kwa mfuko wake. Amortisere ikipasuka kwenye mawe ya Sake, karatasi moja ilijazwa na nyingine mpya ikaletwa. Sisi tuliiga motokari yao bila kuwa na garaji yao. Tukachukua upande unaoonekana, na upande wa kulipa ukabaki kwa mama wa nyumbani, kwenye feza ya chakula.

Kisha zikaja jeep za aina nyingine: Prado, Harrier, Land Cruiser V8, Mercedes ML, BMW X5, Range Rover. Hapa kuna mtego ambao wanunuzi wengi hawauoni. Jeep ya kifahari yenye miaka 15 inaweza kuuzwa kwa bei inayokaribia ile ya motokari ya kawaida. Mtu anafurahi, anasema amepata bahati. Ajiulize kwanza: kwa nini mwenyewe aliiuza rahisi hivyo? Mara nyingi ni kwa sababu huko ilikotoka, mwenyewe alishapelekewa bei ya kuitengeneza. Bei ya kununua inazeeka pamoja na motokari, lakini bei ya pyesi haizeeki. Sanduku la vitesi la otomatiki, vifuko vya upepo vinavyobeba gari mahali pa ressori, vidude vya umeme vinavyoongoza moteri: vyote hivyo vinabaki na bei ya siku ile motokari ilipokuwa mpya. Na hapa Goma si kila fundi ana mashine ya kusoma ugonjwa wake. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Jeep ambayo huwezi kuitengeneza ni nguo ya kuazima, hata kama karatasi zimeandikwa jina lako.

Mambo hayo yalifichika wakati feza ilipokuwa inazunguka. Mwisho wa Januari 2025, AFC/M23 ilipochukua mji, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Watu waliokuwa na akiba kwenye akaunti walijikuta hawana hata noti moja mkononi. Wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta feza yao wenyewe. Wengine waliitoa kwenye simu kwa kukatwa asilimia. Noti zilizobaki zikazunguka mpaka zikachakaa, wauzaji wakaanza kuzikataa. Mwaka huohuo Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada yake ya inje, na watu waliokuwa wakiishi kwa kazi za mashirika wakapoteza mikataba yao.

Katika hali kama hiyo ndipo motokari inaonyesha tabia yake. Mshahara unaweza kusimama, soko linaweza kulala, lakini moteri ya lita nne na nusu haina habari. Inadai chakula chake kilekile.

Tupige hesabu rahisi ambayo kila msomaji anaweza kuirudia nyumbani. Chukua mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku mjini: kutoka Mugunga mpaka Birere, kurudi, kupeleka watoto masomoni, kupita sokoni. Kwa siku 25 za kazi, hizo ni kilomita 1000 kwa mwezi. Motokari ndogo yenye moteri ya lita moja au 1,3 katika barabara zetu za kusimama na kuondoka inaweza kula lita 8 hivi kwa kilomita 100. Kwa mwezi ni lita 80. Jeep ya V8 ya esansi katika mwendo huohuo inaweza kufika lita 20 kwa kilomita 100. Kwa mwezi ni lita 200. Tofauti ni lita 120.

Lita 120 ni bidoni sita za njano za lita 20. Fikiria bidoni sita zimepangwa mbele ya mlango wako kila mwisho wa mwezi, halafu unazimwaga chini. Kwa mwaka ni bidoni 72. Zidisha na bei ya esansi ya siku ya leo, ile ya kituo cha mafuta au ile ya makadafi wa kando ya barabara, utapata jibu lako mwenyewe. Wengi watakuta kwamba ndani ya jibu hilo kuna masomo ya mtoto mmoja au wawili, au mtaji wa biashara ndogo ya mama. Na hapo bado hatujahesabu mipira ya magurudumu, mafuta ya moteri, plaketi za freni. Hata vinyeti yenyewe inapangwa kufuatana na nguvu za moteri.

Kwa nini basi motokari ndogo ya Japani, na hasa hizi za Toyota ambazo tumezizoea? Jibu halina siri. Toyota Starlet ilitengenezwa kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka mwaka 1999. Ile ya miaka ya 1990 haifiki tani moja kwa uzito, na moteri yake ni ya vitu vichache ambavyo fundi anaviona kwa macho na kuvishika kwa mkono. Vitz iliyochukua nafasi yake mwaka 1999, ambayo Ulaya waliiita Yaris, ilishinda tuzo ya motokari ya mwaka 2000 huko Ulaya. Si motokari ya masikini iliyotupwa kwetu kwa huruma. Walioweza kuchagua walikaa wakailinganisha na nyingine, wakaichagua.

Jambo la pili ni undugu wa pyesi. Moteri ya 1,5 tunayoikuta ndani ya Vitz kadhaa ndiyo ileile iliyo ndani ya Probox, Ist, Ractis na Corolla nyingi za miaka ya 2000. Maana yake ni kwamba fundi aliyejifunza moja amezijua tano, na muuzaji wa pyesi anayeweka bidhaa kwa ajili ya moja ameweka kwa ajili ya zote. Motokari ikikwama asubuhi, kijana anatumwa mjini na pikipiki, anarudi na pyesi, na saa nane mchana unaendelea na safari. Ikiwa ni ile ya kifahari, unaanza kupiga simu Kigali na Kampala, wakati mwingine Dubai, na motokari inalala kwenye mawe ya garaji mpaka nyasi zinaota chini yake.

Jambo la tatu ni sababu ya motokari hizi kuwa nyingi. Huko Japani motokari mpya inapitishwa kwenye kipimo cha serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kipimo hicho kina gharama. Wenyewe wengi wanaona heri wauze na kununua nyingine. Ndiyo maana motokari ambazo bado zina nguvu zinapakiwa kwenye meli, zinashuka Dar es Salaam au Mombasa, halafu zinapandishwa kwa barabara mpaka kwetu. Wingi huo ndio unaoshusha bei, na wingi huo ndio unaofanya pyesi ya okazyoni ipatikane.

Kuna neno jingine ambalo mtu wa Goma analielewa kuliko mtu wa miji mingine: kuwaka. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na lava ikashuka mpaka Buhene. Siku tano baadaye, asubuhi ya tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji waondoke mara moja. Barabara ya kwenda Sake ilijaa watu, pikipiki, chukudu na motokari za kila aina. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza motokari yako ni ya mwaka gani. Swali ni moja tu: inawaka, ina esansi ya kutosha, itafika? Motokari iliyolala garaji tangu wiki tatu ikingoja pyesi haiokoi mtu, hata kama ina viti vya ngozi. Na Nyiragongo bado iko pale juu yetu.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, kwa sababu wana hoja. Wanasema: barabara zetu ni za mawe ya volkano, motokari ndogo iko chini, tumbo lake litapasuka. Ni kweli. Mawe ya mwaka 2002 bado yanatoka chini katika mitaa mingi, na mvua inachimba mashimo kila mwaka. Mtu anayefanya kazi Masisi au Walikale, anayepanda milima ya udongo wakati wa mvua, anahitaji motokari ya magurudumu manne yenye nguvu, na hatumwambii aiache. Kwake yeye ile ni chombo cha kazi.

Lakini tuhesabu kwa ukweli jeep ngapi za mjini zinapanda Masisi. Nyingi zinatoka Himbi kwenda mjini kati, zinazunguka rond-point Signers, zinarudi Himbi. Kwa safari hiyo shoferi mwenye subira, anayejua kupita polepole kwenye shimo na kuweka mipira yenye upepo unaofaa, anafika salama na motokari ndogo. Wenye taksi wanafanya hivyo kila siku tangu miaka, na wanafanya kwa ajili ya kula. Kama motokari hizo zisingeweza barabara za Goma, wao wangekuwa wa kwanza kuziacha.

Halafu hoja hiyo ya barabara ina upande wa pili ambao hatupendi kuutazama. Kwa miaka mingi tumejibu tatizo la wote kwa dawa ya mtu mmoja mmoja. Barabara ikiharibika, mwenye uwezo ananunua jeep ndefu zaidi, na kuanzia siku hiyo shimo halimsumbui tena. Anayebaki nalo ni mwenye pikipiki, mwenye chukudu, mama mjamzito ndani ya taksi. Wale ambao sauti yao ingesikika kwa meya na gavana wamejinunulia ukimya.

Na si kwamba hatulipi. Tangu mwaka 2008 inchi yetu ina FONER, mfuko wa kutunza barabara, ambao unalishwa na makato kwenye kila lita ya mafuta na feza za peaje. Maana yake ni kwamba mwenye V8 na mwenye Starlet wote wawili wamelipia barabara kila walipojaza tanki, miaka yote hiyo. Yeyote anayekusanya feza kwenye mafuta na kwenye vizuizi vya barabara, leo kama jana, ana deni kwa wakaaji wa mji huu, na deni hilo linalipwa kwa mawe yaliyosawazishwa, mifereji iliyozibuliwa na lami iliyozibwa mashimo. Jeep yako binafsi isiwe risiti ya kumfutia deni hilo.

Wako pia wanaosema kwamba tunasifu motokari zilizozeeka na za hatari. Hapo tunakubaliana nao kwa sehemu, na tungependa kusema wazi. Motokari ndogo inafaa ikiwa imetunzwa. Nyingi za motokari hizi zina usukani upande wa kuume, kwa sababu Japani wanatembea upande wa kushoto. Kwetu tunatembea upande wa kuume, kwa hiyo shoferi anayetaka kupita lori mbele yake haoni anayekuja mpaka ameshatoa nusu ya motokari barabarani. Anayeendesha motokari ya namna hiyo aache nafasi kubwa nyuma ya lori, na asipite mahali asipoona.

Jambo lingine ni kujaza watu. Motokari iliyotengenezwa kwa ajili ya watu watano inabeba wanne nyuma na wawili kando ya shoferi, pamoja na mifuko ya makala na ya viazi. Freni zake hazikupangwa kwa uzito huo. Kisha tunasema motokari ndogo ni dhaifu. Tunapaswa kuwaambia wenye taksi, na polisi wa barabarani wanaowaona wakipita kila saa, kwamba abiria mmoja wa ziada hana faida inayolingana na mtelemko mmoja bila freni.

Kwa yule anayejiandaa kununua, ushauri wetu ni mfupi. Usinunue rangi. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Waasheni moteri ikiwa baridi, kwa sababu moteri iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Moshi wa buluu maana yake inakula mafuta ya moteri. Angalia chini kama chuma kimeshonwa baada ya ajali. Usiamini kilomita zilizoandikwa kwenye tableau, angalia pedali na kiti, vyenyewe vinasema umri. Linganisha namba ya shasi na karatasi za duane, herufi kwa herufi, kwa maana tangu vita vya Januari 2025 ni lazima kila mnunuzi ajue motokari imetoka mikononi mwa nani. Na usitumie feza yote kununua. Weka pembeni sehemu ya mipira, freni na mafuta ya moteri ya kwanza.

Kuna kitu kimoja katika mji huu ambacho hakuna anayekicheka: chukudu. Tumekijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Ni mbao, magurudumu mawili, na mpira uliopigiliwa misumari. Hakina cheo chochote. Lakini kimebeba viazi, makala na mbao kutoka milima ya Masisi na Rutshuru kwa miaka mingi, na kimejenga nyumba na kulipa masomo. Kikivunjika, kinatengenezwa palepale kwa panga na nyundo, na mwenyewe anaendelea. Tunakiheshimu kwa kazi yake. Tunaomba heshima ileile kwa motokari.

Basi wachungaji wanaoona nani anaegesha nini kwenye kiwanja cha kanisa, wazazi wanaochagulia binti zao wachumba, wakubwa wa kazi wanaoagiza motokari za biro, sote tuna sehemu yetu katika jambo hili. Mtu akishuka kwenye Vitz iliyooshwa, yenye freni nzuri na karatasi kamili, isiyo na deni kwa mtu, apewe kiti cha mbele kama mwingine. Na yule anayesitasita leo, jeep yake ikiwa garaji na watoto wakiwa wamefukuzwa masomoni, asingoje mpaka fundi aiuze kwa vipande ili alipwe. Aiuze sasa wakati bado ina bei, alipe masomo kwanza, halafu aende kuchagua Starlet yake.